Boti ya Mzee Masatu na Ubao wa Kumimina

Hii imeletwa kwenye kundi letu la ukoo leo asubuhi, na aliyeileta hakusema kaitoa wapi. Mimi si mtu wa kuamini kila kinachosambazwa, lakini hii nimeisoma mara mbili na nimeona niipeleke mbele. Nakuomba kitu kimoja tu: ukiimaliza, usikimbilie kumtumia jirani yako ukidhani ni yeye anayesemwa. Anza na wewe.

Katika kisiwa kimoja ziwani aliishi mzee aliyeitwa Masatu. Alikuwa na boti ya faiba yenye injini, na ndiyo iliyovusha wagonjwa wa kisiwa kile kwenda hospitali ng'ambo. Mitumbwi ya makasia ilikuwepo, lakini mgonjwa aliyezidiwa hasubiri kasia.

Nahodha wa boti hiyo alikuwa Maingu, mtu mzima mwenye familia yake, mpole, asiye na maneno mengi. Hapo ndipo shida ilipoanzia, maana Mzee Masatu aliamini kwamba mtu asiyesema sana ana jambo analolificha.

Kwenye mialo ya kule, yaani fukwe zinakoegeshwa boti, jioni ikifika nahodha hufungua injini, huibeba begani na kwenda kulala nayo nyumbani kwake, wezi wasije wakaichukua. Mzee Masatu hakutaka kusikia habari hiyo. Injini ikilala kwa Maingu, nani ajuaye itaamkia wapi? Akaamua ibaki botini. Akachukua keekee yake, akatoboa ubao wa nyuma unaobeba injini, akapitisha bolti na pete ya chuma, akafunga mnyororo na kufuli.

Baada ya muda akapata wazo kwamba huenda Maingu ameshaizoea ile bolti. Akaing'oa na kuihamisha. Siku nyingine akawakuta watu wanacheka karibu na boti, akaona wanamcheka yeye, akaihamisha tena. Ikawa ndiyo tabia yake. Mkewe, Nyabise, alimwambia kwamba katika kisiwa kizima hakuna mwizi anayeisumbukia ile injini kama yeye mwenyewe. Mzee akamjibu kwamba asiyekuwa na mali hajui uchungu wake, na Nyabise akarudi kwenye kazi zake.

Siku moja Maingu alimfuata nyumbani. Kule ziwani mwenye boti huitwa tajiri, hata kama viatu vyake vimetoboka.

"Tajiri, ubao wa nyuma umelegea. Nikiongeza mwendo, injini inainama."

Mzee hakwenda kuutazama ubao. Alimtazama Maingu usoni. Alimuuliza amegonga wapi, Maingu akasema hajagonga popote. Mzee akamwambia kwamba ubao haulegei wenyewe, kisha akaingia ndani na kufunga mlango. Moyoni alishapitisha hukumu: huyu anabeba mawe ya kujengea ya watu kwa siri, ameipandisha boti kwenye mwamba, sasa anatafuta pa kutokea.

Wiki hiyohiyo boti ilikuwa inamvusha mama mjamzito. Katikati ya maji injini ikainama, maji yakaingia kwa nyuma, abiria wakayachota kwa mabeseni mpaka ng'ambo. Mama alijifungua salama, tumshukuru Mungu. Lakini watu wa kisiwani waliapa kutoikanyaga tena boti ile, na wagonjwa wakarudi kwenye mitumbwi ya makasia.

Mzee Masatu akavuka mwenyewe kutafuta fundi. Alipita kwa mafundi wote waliomjua Maingu, akawaacha, akamchukua mgeni mmoja aitwaye Ndaki. Waliposhuka mwaloni, Maingu alimpokea fundi sanduku la vifaa na wakasalimiana kwa kicheko. Mzee akashtuka. Kumbe wanajuana hawa. Hawakuwa wanajuana, ni adabu tu ya kumpokea mgeni.

Ndaki aligonga ubao kwa mpini wa nyundo, akatega sikio. Akaeleza kwamba ule ubao umewekwa katikati ya kuta mbili za faiba, na umeoza ndani kwa ndani. Atakata kwa juu, atachimbua uozo wote, ataacha pakauke kabisa. Kisha atamimina mchanganyiko mzito unaotiririka kama uji, uliotiwa dawa ya kugandisha. Ukiganda unakuwa mgumu kama jiwe, na hauozi.

"Ubao wa uji," alisema mzee. "Nimeishi sana, huo sijauona."

Akataka mchanganyiko wote ukorogwe kwa mara moja mbele ya macho yake, lisibaki tone la fundi kuondoka nalo. Ndaki akakataa, kwa kuwa ungegandia kwenye ndoo kabla ya kumiminwa. Akakoroga kidogo kwenye kopo la maziwa, akampa mzee alishike. Kopo likapata joto, likazidi, mpaka mzee akaliweka chini. Punde kilichokuwemo kikawa hakipenyeki hata kwa msumari. Mtu mwingine angeridhika. Mzee yeye alikwenda nyumbani akijiuliza ni kitu gani hicho kinachochemka bila moto.

Kabla kazi haijaanza, alikwenda kwa kamati ya mwalo. Alitaka ubao uchimbuliwe hadharani, na fundi aseme mbele ya watu kilichouharibu. Kama Maingu amegonga mwamba, ajulikane.

Hilo halikuwa jambo dogo. Nahodha akishatangazwa na kamati kuwa ameharibu boti ya watu, hakuna tajiri wa kumpa usukani tena pwani yote ile. Mke wa Maingu alipopata habari aliacha kwenda kisimani na wenzake. Kamati ilimuuliza Maingu kama anakubali, naye akajibu neno moja: "Wachimbue."

Siku ikafika, mwalo ukajaa. Ndaki akakata juu, akaanza kuchota. Kilichotoka kilikuwa cheusi, kimelowa, kinanuka. Watu wakaziba pua. Mzee Masatu alisimama mbele kabisa, mikono kifuani, akisubiri jina litajwe.

Mwenyekiti wa mwalo akauliza boti imegonga wapi.  Ndaki alipapasa boti yote kwa nje, akarudi nyuma, akaingiza kidole kwenye tundu la kwanza, la pili, na yaliyofuata.

"Boti ikigonga mwamba huvunjika nje kwanza," alisema. "Hii nje ni nzima. Maji yameingilia kwenye haya matundu. Pasipo na tundu, ubao ni mkavu mpaka leo. Nani aliyatoboa?"

Hakuna ambaye hakujua.

Mwenyekiti akamgeukia Maingu, akataka kujua kwa nini nahodha mzoefu ameyaona matundu na kuyanyamazia.

"Sikunyamaza," alisema Maingu. "Nilimwomba tajiri niyazibe kwa puti. Akasema eti nataka kujifunza bolti zake zinavyofunguka. Akanikataza kugusa nyuma ya boti."

Mzee aliikumbuka siku ile vizuri. Alikuwa amerudi nyumbani akajisifu kwa mkewe kwamba leo amemnasa. Aibu ikamvaa. Kwa hilo nampa heshima yake, hakubishana.

"Nilitoboa mimi," alisema. "Na ni kweli, nilimkataza."

Ndaki aliendelea na kazi yake. Pakakauka, akamimina kidogo kidogo, pakajaa mpaka juu, pakaganda. Injini ikafungwa, boti ikatoka mwaloni imenyooka kama siku iliyonunuliwa. Mzee akaiita kamati tena. Mbele ya watu walewale akamwomba Maingu msamaha na kumwambia kwamba kuanzia siku hiyo injini italala kwake.

Maingu alimpokea mkono kwa mikono yote miwili.

"Nimekusamehe, tajiri, sina kinyongo. Lakini kazi sitarudi. Siku upepo ukinichelewesha ng'ambo, nitakuwa nashika usukani huku najiuliza wewe unawaza nini. Nikiwa hivyo nitazamisha watu."

Akaondoka, akashika boti ya mbao ya tajiri mwingine, mwalo wa pili. Mzee akatafuta nahodha. Kila aliyeitwa alikuja, akausifu ubao mpya, akaaga. Boti nzuri, ngumu, ikakaa imefungwa ufukweni.

Kisha Nyabise akaugua ghafla, tumbo, hata kusimama hawezi. Mzee hakuwa na pa kwenda. Akaenda mwalo wa pili, akasimama mbele ya Maingu, akaanza kumweleza hali ya mkewe. Maingu hakumsubiri amalize. Aliweka chini wavu aliokuwa anaushona, wakaongozana.

Walivuka kwa boti ya mzee. Maingu alikuwa nyuma kwenye injini, mzee alikaa mbele amempakata mkewe. Mtu yule aliyezoea kuchungulia kila kitu, safari nzima hakugeuza shingo hata mara moja.

Nyabise alipokelewa hospitali, akatibiwa, akapona. Pale gatini mzee alimshika Maingu mkono, hakutaka kuuachia.

"Kesho utakuja?"

"Mgonjwa akiwepo, niite saa yoyote," alisema Maingu. "Kazi, hapana, tajiri."

Akamrudishia ufunguo wa boti, akatafuta mtumbwi wa kumrudisha kwake. Mzee alibaki pale gatini akilia, na watu wakadhani analilia mkewe.

Funzo: Mali ikiharibika kwa sababu ya shaka zako, fundi atakutengenezea. Mtu mwema uliyemchosha kwa kumshuku anaweza kukusamehe kwa moyo wote, na bado asirudi.