Sakafu ya Kiwanja cha Rasi Sururi

Katika zama ambazo masultani walipanda punda na majini walitoa salamu kabla ya kuingia mjini, alitawala katika Rasi Sururi Sultani Zaidani bin Mafadhali, mtu mwema, mnene wa mwili na mwepesi wa kucheka, na alipenda mambo mawili kuliko yote ya dunia, wali wa nazi na mchezo wa kirumbizi. Na kirumbizi, kwa asiyekijua, ni mchezo wa fimbo: watu wawili huingia katikati ya duara, zumari ikalia, na kila mmoja akatafuta kumgusa mwenziwe bila ya kuguswa. Na mji ule ulikuwa na mitaa miwili, Juu na Chini, na siku ya mchezo mume wa Juu hasemi na mkewe wa Chini mpaka jua lichwe.

Mchezo huo ulichezwa katika Kiwanja cha Chini, ardhi tupu isiyo na ukuta wala mwenyewe, na hapo ndipo watu wa mtaa ule walipofanyia harusi zao, kwa kuwa nyumba zao zilikuwa ndogo na jamaa zao wengi. Basi siku moja watazamaji walipanda juu ya dari ya jiko la kadhi ili wapate kuona vizuri, na dari ikalia mara moja tu ikashuka nao, watu kumi na mmoja juu ya jungu la mchuzi. Hakufa mtu, alhamdulillahi, ila mchuzi haukulika. Na Sultani akaapa kwamba Rasi Sururi utapata pale pale kiwanja cha mawe, chenye ngazi za kukalia watu elfu kumi na sakafu ya chokaa katikati. Likabaki suala la nani atatoa mali.

Ikaitishwa baraza, na akasimama Tajiri Shahibu, mwenye maghala saba ya hariri, akainama mpaka kilemba kikagusa zulia, akasema, "Maulana, hazina yako usiiguse. Nitajenga kwa mali yangu mwenyewe, kuta na ngazi na mlango. Nami nataka kitu kidogo tu: mlango uwe wangu na wa wanangu na wa wajukuu zangu, kila aingiaye anilipe, na jina langu liandikwe juu yake kwa maji ya dhahabu."

"Kwa herufi kubwa kiasi gani?" akauliza Sultani, kwa kuwa naye alikuwa na jina. Akafikiri, akatikisa kichwa. "Haiwi, Shahibu. Kiwanja cha mji hujengwa na mji. Kila jiko litatoa kodi kwa Beti el Mali, hazina ya mji, na atakayechelewa ataletewa askari wa kumkumbusha."

Na katika baraza hilo alikuwapo Kazija binti Mwinyimvua, msimamizi wa wapiga sakafu. Kazi yake ilikuwa hii: chokaa ikishamwagwa, watu huingia juu yake na vipigio vya mti, wakaipiga kwa pamoja siku tatu bila ya kuiacha ikapoa, na Kazija ndiye aliyetoa wimbo na kushika mpigo, maana sakafu isiyopigwa kwa moyo mmoja hupasuka. Akasema, "Hababi, na harusi zetu je?"

Tajiri akajibu kwamba maharusi watalipa kama walipavyo watazamaji. Sultani akajibu kwamba maharusi wataandika barua kwa karani, na karani ataangalia.

Kazija akaona majibu yote mawili yanamfungia mlango. Alikuwa ameshaposwa na Faki, bingwa wa kirumbizi wa mtaa wa Chini, na harusi yao ilikuwa imewekwa mwezi wa Mfungo Sita. Mama yake alipoolewa alitolewa nje pale kiwanjani mbele ya mtaa mzima, na bibi yake kabla yake, na yeye mwenyewe alikuwa amewaimbia maharusi wengi mno pale huku akihesabu lini itafika zamu yake. Fedha ya kumlipa Tajiri hakuwa nayo, na karani yule alijulikana kwa kulalia barua za watu.

Sultani, alipoona baraza limegawika, akahukumu kama wahukumuvyo watu wema wasiotaka ugomvi, kwamba kila mmoja ajenge nusu. Basi zikainuka kuta, upande wa mashariki kwa kodi na upande wa magharibi kwa mali ya Tajiri, na zilipokutana katikati mmoja ulikuwa umeuzidi mwenzake shubiri mbili. Kisha ikaja sakafu. Tajiri akaajiri wapigaji kwa ujira, nao wakapiga mpaka ilipoadhiniwa alasiri, wakaweka vipigio chini wakaenda zao, kwa kuwa ujira wao uliishia hapo. Sultani akatuma askari wakakamata watu majumbani, nao wakapiga kwa kununa, kila mtu na mpigo wake, na Kazija akaimba mpaka koo likamkauka pasiwe na wa kumuitikia. Siku ya nne sakafu zote mbili zikapasuka.

Sultani akaghadhibika, na ghadhabu ya mtu mcheshi ni mbaya kwa kuwa haijazoea njia. Akasema, "Ukiandama mwezi wa Mfungo Sita na sakafu haijasimama, kiwanja chote namuuzia Shahibu, naye afunge mlango wake atakavyo." Zikabaki siku tisa.

Kazija akaenda kwenye tanuu la chokaa asubuhi ya pili, na Faki akamsindikiza amebeba mitungi miwili ya maji ya kuzimulia chokaa. Njiani Faki akasema, "Mwenzangu, tuoane tu uani kwa shangazi. Wageni wakikosa nafasi, watakaa juu ya mti."

"Shangazi hana mti."

"Basi tutapunguza mashangazi," akasema Faki, na Kazija akacheka ijapokuwa hakutaka, kisha akalia kidogo, na Faki akaweka mitungi chini akamngoja amalize.

Walipofika, Kazija akainua mtungi amwage, na sauti ikatoka ndani ya tanuu ikisema, "Ewe binti Adamu, kwa haki ya aliyekuumba, usinitie maji." Kazija akautua mtungi, na hapo ukatoka moshi, na katika moshi akatoka jini mrefu kama mnara, ndevu zake cheche, akajipangusa majivu kwa aibu. Akasema, "Mimi ni Barkashi, jini wa moto, nimelala humu miaka mia nne kwa kuwa pana joto zuri. Maji hayo yangeniua. Umenihurumia, nami nimefungwa kwa kiapo kumtumikia anihurumiaye, haja moja. Sema, nikujengee kiwanja kipya, cha yakuti na lulu, kabla hujapepesa jicho. Niambie tu nijenge kwa jina la nani."

Faki akamtazama Kazija. Na sitaficha kwamba Kazija aliona jina lake juu ya mlango, kwa maji ya dhahabu, na likampendeza. Alikaa nalo kitambo. Kisha akauliza, "Na sakafu, utaipiga wewe?"

"Sakafu siiwezi," akasema jini. "Chokaa mbichi ina maji. Sakafu ni kazi yenu."

Hapo Kazija akajipiga paji la uso, maana aliona kosa ambalo mji mzima ulikuwa umelifanya. Katika Rasi Sururi mtu haendi kwenye shughuli mpaka aletewe tambuu nyumbani kwake na mwalishi, apigiwe hodi, aambiwe fulani anakualika. Ndugu wa damu hukaa ndani ya nyumba akisikia ngoma ya harusi ya nduguye, ikiwa tambuu halikufika. Tajiri alipeleka ujira, Sultani alipeleka askari, na hapana hata mmoja aliyemwalika mtu.

"Nataka tambuu," akasema Kazija. "La kutosha kila nyumba. Nawe utakuwa mwalishi."

Barkashi akasononeka. "Bibi, mimi nimebeba milima."

"Leo utabeba sinia."

Na jini akajigeuza akawa vikongwe arubaini wenye ushungi, kila mmoja na sinia lake la tambuu, akauliza kwa vinywa arubaini, "Na tuseme nani anaalika?" Kazija akajibu, "Kila nyumba iambie: jirani yako anakualika kiwanjani kesho, kupiga sakafu."

Na kila aliyesikia akasema moyoni, ikiwa jirani yangu ndiye mwenye shughuli, nitakwendaje mikono mitupu? Asubuhi watu wa Juu na wa Chini wakakutana njiani na vipigio begani na vyungu kichwani, wakiulizana shughuli ni ya nani, na kila mmoja akimnyooshea kidole mwenziwe. Tajiri Shahibu akaja na magunia ya mchele, kwa kuwa ingekuwa fedheha apitwe na jirani yake muuza maandazi. Sultani naye, ambaye jirani wa ukuta wake alikuwa fundi viatu, akaja kwa miguu, akavua joho, akaomba kipigio.

"Hababi, mikono itachubuka," akasema Kazija.

"Mwanangu, nimealikwa," akasema Sultani.

Basi sakafu zilizopasuka zikabomolewa, ikamwagwa chokaa mpya, Kazija akatoa wimbo, na watu elfu wakauitikia, na vipigio vikaanguka kwa pamoja mpaka madirisha ya mji yakatetemeka. Wakapiga siku tatu kwa zamu, wakala wali wa Tajiri na mchuzi wa kadhi, na Barkashi akakaa juu kabisa ya ukuta, mahali pakavu, akizizima cheche zake kila aliposahau na kuanza kupiga makofi. Sakafu ikatanda nyeupe kutoka mashariki mpaka magharibi, wala hakuna aliyeweza kuonyesha ilipokuwa nusu ya Sultani na ilipokuwa nusu ya Shahibu.

Shahibu akauliza, kwa upole sasa, habari ya mlango wake. Sultani akatazama malengelenge ya viganja vyake mwenyewe, kisha akatazama ya Shahibu, akasema, "Kuta zitatunzwa na Beti el Mali. Wewe utauza sharubati kwenye ngazi, wewe na wanao na wajukuu zako. Ama mlango, hao elfu walioko ndani, nani atasimama awatoze?" Shahibu akafikiri, na sharubati akaiona ina faida, akaridhika. Na Kazija akapewa hariri ya ghala zima, na usimamizi wa sakafu zote za usultani.

Mfungo Sita ukaandama. Kazija alikuwa ndani akipakwa hina wakati Faki alipokuja nyuma ya pazia amehemewa, akasema, "Tumekosea, mwenzangu. Tambuu hatukupeleka hata nyumba moja, na hivi ni magharibi."

Kazija akasimama na hina mikononi, akatoka mpaka mlango wa kiwanja. Ngazi zote zilikuwa zimejaa, Juu na Chini wamekaa mchanganyiko, Sultani safu ya tatu na sahani ya wali magotini. Hakuna aliyealikwa, na hakuna aliyeona ajabu kuwapo, kwa maana nani hualikwa nyumbani kwake?

Wakaozwa, na zumari ikalia siku saba. Hapa ndipo nilipoishika hadithi na hapa naiachia, nawe ukijenga jambo la watu, amri iweke kando na fedha iweke kando, uanze kwa kupiga hodi.