Ukihesabu Vigae, Hesabu na Vyungu

"Ukihesabu vigae, hesabu na vyungu." Ndivyo nilivyomwambia mjukuu wangu Lugano alipomkataza dada yake asiende kutazama mpira, eti Sekela akikaa pembeni ya uwanja timu inafungwa. Mara tatu amekwenda, akadai, mara tatu wamefungwa. Lugano akacheka, akauliza maneno hayo nimeyaokota wapi. Sikuyaokota. Yalizaliwa nyumbani kwetu, na mama yangu aliyalipia kwa machozi. Nikawakalisha wote wawili mbele ya ungo wa maharage, mikono ikichambua na masikio yakisikiliza, nikawasimulia.

Kijiji chetu kiko ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na wanawake wake ni wafinyanzi tangu zamani. Bibi yangu mzaa baba, Syabumi, alifinyanga vyungu ambavyo watu wa mbali waliviulizia kwa jina lake. Alikuwa mkali, na akishasema jambo, limesemwa. Mwanawe Ambakisye, yaani baba yangu, alioa msichana wa milimani aitwaye Tupokigwe. Huyo ndiye mama yangu, ila wakati huo nilikuwa sijazaliwa, na ilibaki kidogo nisizaliwe kabisa.

Bibi alipochoma vyungu kwa mara ya kwanza tangu mkwewe afike, Tupokigwe alipita na mtungi wa maji, akasimama kutazama moto. Kwao hawafinyangi, hakuwahi kuona kitu kama kile. Vyungu vitatu vikapasuka. Mara ya pili akasimama tena, vikapasuka vinne. Mara ya tatu vikapasuka saba, pa! pa! mpaka kuku wakakimbia.

Bibi akashika kiuno. "Huyu ana mkosi," akasema. "Akitazama, vinapasuka. Mnataka nisubiri nini tena?"

Majirani wakaitikia. Mmoja akakumbuka kwamba hata mbuzi wake alivunjika mguu mwaka huohuo. Ukishampata wa kulaumiwa, ushahidi hujileta wenyewe. Kabla ya adhuhuri bibi alikwisha kumwambia baba amrudishe mkewe kwao keshokutwa. Baba alimpenda mkewe, lakini alimwogopa mama yake zaidi. Akainamisha kichwa, akaenda kutafuta kamba ya kufungia mizigo. Hiyo kamba mama alimkumbusha mpaka uzeeni.

Tupokigwe alilia mpaka macho yakavimba. Asubuhi akanawa uso, akaenda kumpigia bibi magoti.

"Mama, nitakwenda. Ila kabla sijaenda, naomba nikuulize."

"Uliza."

"Vigae vile vyote umevitupa tangu nije?"

Alionyesha lundo la vipande vya vyungu nyuma ya nyumba. Lilimfika mtu kiunoni, na mmea wa maboga ulikuwa umelitambaa lote na kuzaa.

"Hapana," bibi akajibu. "Natupa pale tangu nilipoolewa."

"Miaka yote hiyo, nani alikuwa akitazama?"

Bibi akakohoa.

"Na mara hizi tatu, vilivyotoka vizima ni vingapi?"

"Nitajuaje? Vimeshakwenda!"

Hapo ndipo penyewe. Chungu kizima hakikai nyumbani. Kikipoa tu kinapakiwa kwenye mtumbwi, kinakwenda kwa wakulima ng'ambo, na huko desturi ni moja: anayekitaka chungu anakijaza mahindi, mahindi unachukua wewe, chungu kinabaki kwake. Kigae ndicho kinachobaki kwako, na kila ukienda kuchuma boga unakikanyaga.

Tupokigwe akainuka, akaenda kwenye kihenge, akafunua kifuniko. Mahindi yalikuwa yamejaa mpaka juu. "Na haya, mama, yalitoka wapi?"

Bibi akasogea, akatazama ndani. Akaanza kuhesabu kwa vidole vyungu alivyovipakia kwenye mtumbwi. Vidole vikaisha, akarudia, vikaisha tena. Alipofika arobaini akaacha. Vyote arobaini vilichomwa mkwewe akiwa amesimama palepale.

"Kumbe ana baraka!" akadakia yule jirani wa mbuzi, aliyekuwa amekuja kushuhudia. "Mwaka jana kihenge hiki hakikufika nusu!"

"Hilo nalo msiseme, jirani," Tupokigwe akamjibu. "Mkinisifu leo kwa mahindi, kesho mtanifukuza kwa vigae. Mimi nilitazama tu."

Bibi akaangua kicheko, kisha kicheko kikamwishia. Akaketi juu ya kinu kilicholazwa. "Vile saba vilikuwa vibichi," akasema polepole. "Mvua ilinyesha wiki nzima, havikukauka, nami nilikuwa nauwahi mtumbwi. Nilijua. Nilijua, nikakutafuta wewe."

Akamshika mkono, akamwambia baba airudishe kamba alikoitoa, na siku hiyohiyo akamketisha mama yangu mbele ya udongo. Mama akawa mfinyanzi hodari, na vyake pia vilipasuka, kama vya wote. Tangu hapo, kila aliyekuja kwa bibi kumsema mwenzake alionyeshwa lundo, kisha akaonyeshwa kihenge, akaambiwa maneno hayo ya vigae na vyungu. Bibi alianza kwa kujisema mwenyewe, ndiyo maana watu waliyapokea.

Nilipomaliza nikamgeukia Lugano. "Msimu huu mmefungwa mara ngapi?"

"Tisa, bibi."

"Na kati ya hizo Sekela alikuwepo mara tatu. Zile sita aliwafungisha nani? Na siku mliyowapiga wale wa ng'ambo ya mto mabao manne, viatu vyako alikushikia nani?"

Lugano akakuna kichwa. Sekela aliinamia maharage, lakini nililiona tabasamu lake.

Jumamosi wakaenda uwanjani pamoja, viatu vikining'inia begani kwa Sekela. Wakafungwa mawili bila. Lugano alirudi amenuna, akamgeukia dada yake, akafungua mdomo. Kisha akaniona mimi mlangoni na ungo wangu, akaufunga.

"Najua, bibi," akasema. "Ukihesabu vigae, hesabu na vyungu."