Fisi Apewa Cheo cha Bwana Afya

Mwaka ambao mvua za masika zilinyesha siku tatu tu kisha zikaondoka, wanyama wa bonde la Kidundu walibakiwa na chemchemi moja. Wote walikunywa hapo, na taka zao wakazitupa hapo hapo kandokando, kwa uvivu wao wa tangu zamani. Haukupita mwezi, maji yakaanza kunuka.

Simba, mwenyekiti wa baraza, akaitisha mkutano. Alikuwa mwenye makuu, na alipenda mikutano kuliko kazi zinazopangwa mikutanoni.

"Kuanzia leo," akasema, "kila kaya itatenganisha taka zake. Maganda na majani yaende kwenye shimo la mboji. Mifupa ifukiwe ng'ambo ya kilima. Nataka mabonde mengine yaje kujifunza kwetu. Nani atasimamia?"

Fisi alisimama kabla swali halijaisha. "Mheshimiwa, kazi hii inataka mtu asiyeona kinyaa. Mimi sioni kinyaa."

"Hapo hajadanganya," alisema Sungura kutoka nyuma, na wengine wakacheka. Simba hakuelewa walichokicheka, akampa Fisi cheo cha Bwana Afya.

Fisi akawa anapita nyumba kwa nyumba kila asubuhi kuchukua matenga ya taka. Maganda hakuyaangalia. Mifupa aliikagua mmoja mmoja, na penye nyama alikula palepale huku akiwakaripia wenye nyumba kwa kupoteza chakula wakati wa njaa. Akishashiba, kilima alikiona kirefu. Basi alibeba matenga yote, ya maganda na ya mifupa, akayatupa pamoja na taka zake kwenye korongo lililo juu tu ya chemchemi, akafunika kwa matawi. Kisha alikwenda kwa Simba kusema kwamba bonde ni safi.

Mama Kobe, aliyeishi chini ya korongo hilo, jirani kabisa na chemchemi, ndiye aliyeumia kwanza. Wanawe wawili waliharisha siku nne, wakalala wamejikunyata ndani ya magamba bila kutoa hata kichwa. Akamwendea Fisi.

"Bwana Afya, maji yananuka kuliko mwanzo, na wanangu wanaumwa."

"Umeyachemsha?"

"Nimeyachemsha."

"Basi hukuyachemsha vizuri. Sisi wengine tunafanya kazi, mama. Wengine kazi yenu ni kulalamika."

Mama Kobe akaenda kwa Simba. Simba alimsikiliza huku akichana manyoya ya shingoni. "Nimepewa taarifa kwamba bonde ni safi," akasema. "Tena Jumamosi tuna sherehe pale chemchemi, na wageni nimekwisha kuwaalika. Usiniharibie."

Mama Kobe akatoka, akamkuta Sungura anageuza mboji shambani kwake, akamweleza yote. Sungura alifuata harufu mpaka korongoni, akafunua matawi. Lundo lilikuwa kubwa kama nyumba, limeinamia bondeni.

"Nikamwite Simba aje aone?" aliuliza Mama Kobe.

"Simba atasema jambo hili lichunguzwe, na mchunguzi atakuwa Fisi," alisema Sungura. "Tuliachie tumbo la Fisi limuumbue. Wewe siku ya sherehe waondoe watoto nyumbani."

Jumamosi asubuhi Sungura aliwahi, akawaketisha wageni wote upande wa pili wa chemchemi, juu ya mwamba. Simba alikataa kukaa huko. Yeye alitaka kukaa mbele, karibu na maji, apate kuonekana. Akaanza kuhutubia, na hotuba yake ilikuwa ndefu.

Sungura akaketi karibu na Fisi, akamnong'oneza Mama Kobe kwa sauti ya kusikika. "Lile paja la nyati walilolitupa kina Chui linanisikitisha. Paja zima, na mafuta yake. Walilificha chini ya maganda, kwenye tenga la kwanza kabisa kuchukuliwa."

Fisi alimeza mate. Maganda hakuwahi kuyafunua, na tenga la kwanza alijua liko wapi. Akashika tumbo, akanong'ona kwamba anakwenda kujisaidia, akapanda korongoni mbio. Alianza kuchimba kutoka chini, maana huko ndiko alikodhani paja liko.

Simba alikuwa amefika kwenye maneno "usafi usio na mfano" lundo lilipoporomoka. Lilishuka lote, maganda, matawi na mifupa, likatua chemchemini, na Fisi akatua juu yake. Simba alisimama katikati ya uchafu huo, utumbo wa samaki ukining'inia sikioni.

"Hizi zimetoka wapi?" aliuliza.

"Nilikuwa nazikagua," alisema Fisi.

"Ni taka zetu tulizompa azipeleke ng'ambo ya kilima," alisema Mama Kobe. "Tenga alilolikalia ni langu. Nililisuka mwenyewe."

Wageni waliondoka bila kuaga. Fisi alivuliwa cheo, akaamriwa kuibeba mifupa mpaka ng'ambo ya kilima na maganda mpaka shimoni. Ilimchukua siku kumi na moja, Mama Kobe akimfuata nyuma kuhakikisha, na mwendo wa Mama Kobe mnaujua. Watoto wake walipona maji yalipotakata. Simba alisema kwamba yeye alimshuku Fisi tangu mwanzo.

Katika kikao kilichofuata, wanyama hawakuuliza tena nani anajitolea kusimamia taka. Waliuliza nani anaishi karibu zaidi na maji, wakampa huyo.