Saba Mara Nane kwa Mwalimu Fisi

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Pakawa nini?"

"Pakawa darasa, mwalimu hashibi!"

"Na wanafunzi?"

"Wanatetemeka!"

Basi tulieni, na anayetetemeka asogee karibu yangu.

Hapo kale Fisi alikuwa mwalimu wa hesabu. Msiniulize nani alimpa kazi. Waliompa hawakuwa na watoto darasani. Kila siku kabla ya chakula cha mchana alimsimamisha mwanafunzi mmoja na kumuuliza. Aliyekosa aliacha chakula chake juu ya meza ya mwalimu. Aliyekosa mara tatu katika juma moja alifukuzwa shule, na mzazi wake aliitwa aje ashuhudie.

Jumatatu alimsimamisha Digidigi.

"Saba mara nane?"

Mtoto hajameza mate, Fisi akagonganisha taya: kwa! kwa! kwa!

"Ha... hamsini na sita," akasema Digidigi.

"Kosa. Lete chakula."

Jumanne akamsimamisha Kindi. Saba mara nane? Kwa! kwa! kwa! Nyumbani Kindi alijua hesabu vizuri sana, lakini ile sauti ya meno ilimfutia kila kitu kichwani. Akasema hamsini na nne. Kosa, lete chakula. Jumatano akamsimamisha Digidigi tena. Saba mara nane? Kwa! kwa! kwa! Digidigi, machozi yakimlengalenga, akarudia hamsini na sita, maana hakuwa na jibu jingine. Kosa, lete chakula.

Walipokuwa njiani kurudi nyumbani, Digidigi akamwambia Kindi, "Shoga, kichwa changu hakishiki. Ijumaa ni zamu yangu tena, nafukuzwa."

Kindi aliumia. Digidigi ndiye aliyemfundisha kujumlisha walipokuwa wadogo, kwa vijiti. Kindi alipofika kwao akachimba mashimo saba, akatia njugu nane kila shimo, akazihesabu polepole bila mtu wa kumgongea meno. Hamsini na sita. Akahesabu tena. Hamsini na sita. Hapo hasira zikampanda.

Alhamisi ilikuwa zamu yake ya kufagia ofisi ya mwalimu. Akakitazama kitabu cha majibu. Jalada lake lilikuwa la ngozi ya mbuzi, na Fisi alikwisha kulila zamani. Kwa kuwa akianza kutafuna hajui kuacha, alikula na kurasa za nyuma, zile zenye majibu, zikabaki alama za meno tu. Tangu hapo kila jibu la mtoto lilikuwa kosa, kwa sababu mwalimu mwenyewe hakujua lililo sahihi. Kindi akafagia, akafunga mlango, akaenda kusema na wenzake.

Ijumaa Mama Digidigi alisimama mlangoni, macho chini. Wazazi wengine nao walijazana dirishani kutazama aibu ya mwenzao. Kindi akaingia amejitwika kapu lililofunikwa kwa majani ya mgomba.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Humo mna nini?"

"Mifupa, mwalimu. Mama amekuletea. Mafungu saba, kila fungu mifupa minane. Ila kwetu mgeni hali mpaka ataje jumla yake. Ni mila tu, kwako wewe si kitu."

Mate yakamdondoka Fisi, ndo, ndo, ndo. Akafungua kitabu, akakifunga. Akahesabu kucha zake, zikaisha. Huko nyuma wanafunzi wakaanza, taratibu, kugonganisha meno: kwa, kwa, kwa. Jasho likamtoka. Kindi aliitambua hofu ile, wala hakumwonea huruma.

"Hili," Fisi akasema, "nawaachia ninyi, nione kama mmeelewa. Nungunungu, ngapi?"

"Hamsini na sita, mwalimu."

"Ngedere?"

"Hamsini na sita."

"Sawasawa kabisa. Hamsini na sita. Lete kapu."

"Ngoja, mwalimu," akasema Kindi. "Jumatatu Digidigi alikwambia hamsini na sita, ukala viazi vyake. Jumatano akakwambia hamsini na sita, ukala mahindi yake. Leo unamfukuzia nini?"

Kichwa cha Fisi kilikwisha ingia kapuni. Humo mlikuwa na kokoto hamsini na sita. Akauma, kra! Jino likakatika. Wazazi wakamtimua mbio, wazazi wale wale waliokuwa wakiwaita watoto wao wajinga miaka yote.

Jumatatu iliyofuata akaja Kobe kufundisha, mpole, asiye na haraka. Akamsimamisha Digidigi.

"Mwanangu, mbili na mbili ni ngapi? Fikiri taratibu, hakuna anayekukimbiza."

Kindi akamtazama shoga yake, akingoja. Digidigi akafungua mfuko wake, akatoa kiazi, akakiweka juu ya meza ya mwalimu, akarudi kukaa.

Kindi akalia pale pale, mbele ya wote.

Na Fisi? Alipata shule nyingine ng'ambo ya mto. Nasikia wamempandisha cheo.

Ngano yangu imefika hapa. Mwenye masikio amesikia, mwenye njaa akale. Na funzo lake, watoto, ni hili: hesabu ni somo gumu, linataka mwalimu mkali. Ukikosa, kosa ni la kichwa chako, na usithubutu kuulizia kitabu. Nanyi wazazi, mtieni mtoto kiazi cha pili.