Pimbi Ishirini na Watatu na Kiapo cha Fisi

Haya, mliokaa na mliojilaza, mpo?

"Tupo!"

Masikio mmekuja nayo?

"Tumekuja nayo!"

Basi nipeni. Ila msinidai kicheko mwishoni, leo sina.

Hapo kale, juu ya jabali, waliishi pimbi ishirini na watatu. Mdogo wao kuliko wote aliitwa Nyamizi, na mama yake alikuwa mjamzito wa siku za mwisho. Siku moja akapanda Fisi, tugudu, tugudu, mate yanamdondoka.

"Leo nawala wote!"

Nyamizi akapiga goti. "Shikamoo, Babu Fisi."

"Marahaba. Nakula."

"Kula, Babu. Lakini mkubwa kama wewe utakula ovyo kama nzi? Tupange mistari iliyo sawa, asibaki hata mmoja nje ya mstari, ule mstari mmoja, uache mingine."

Fisi alipenda mno kuitwa mkubwa. Akajipiga kifua. "Naapa kwa kaburi la babu yangu! Nikila kinyume cha hayo, tumbo langu lipasuke!"

Akaanza kupanga.

"Mistari miwili!" Chap, chap, chap. Anabaki mmoja.

"Mitatu!" Chap, chap, chap. Wanabaki wawili.

"Minne!" Wanabaki watatu. Mitano? Watatu tena. Sita? Watano! Jua likapanda, jua likashuka, Fisi anapanga, anapangua, idadi ile haikubali.

"Basi kila mmoja mstari wake!"

"Mmoja peke yake si mstari, Babu."

"Wote mstari mmoja!"

"Na wa kuacha uko wapi, Babu?"

Pimbi wakacheka, kwi kwi kwi. Fisi hakucheka. Alilitazama tumbo la mama Nyamizi, akalitazama tena.

"Nitarudi kesho," akasema. "Na keshokutwa. Naona mko mbioni kuongezeka."

Kicheko kikakatika.

Asubuhi mama akajifungua. Kitoto kikalia, nyee, nyee. Hakuna aliyepiga kigelegele. Ishirini na wanne! Mistari miwili, kumi na wawili huku, kumi na wawili kule, Fisi hata jasho halimtoki. Mama akakikumbatia kitoto, akalia kwa uchungu. "Mwanangu, kwa nini umekuja leo?"

Huko chini, tugudu, tugudu.

"Mama, hesabu hii niliianza mimi," akasema Nyamizi. Akamnusa mdogo wake kichwani, akashuka upande wa pili wa jabali, kwenye jangwa ambako hajarudi pimbi hata mmoja. Mama akaita, akaita. Nyamizi hakugeuka, maana angegeuka angerudi.

Fisi akafika.

"Mistari miwili!" Chap, chap, chap. Anabaki mmoja.

Aliyebaki alikuwa mama, kitoto kimeshapangwa na wenzake, naye hana wa kusimama ubavuni.

Siku ya saba Fisi akafa kwa njaa, kiapo chake mdomoni. Pimbi wote wakakimbilia ukingoni. "Nyamizi! Rudi! Sasa hata tukiwa mia hakuna wa kutupanga!"

Jabali likaitikia. Nyamizi hakuitikia.

Haya, mzigo wangu nimeutua, mwenye mgongo aubebe. Funzo lake, watoto, msilisahau: anayejua hesabu hapotezi kitu.