Uyoga wa Sista Pierina

“Asemaye popote ana pake.” Mmeisikia leo mkacheka, kisha mkaniuliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, tena si zamani sana, nyumbani kwa Mwalimu Melkiori Kivamba wa Iringa.

Melkiori alipostaafu aliamua kuipeleka familia yake Italia kwa siku saba. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka safari iwe yake peke yake. Basi Jumapili moja, ugali ukiwa bado mezani, alitoa daftari akataka kila mmoja ataje kinachompendeza roho. Yeye, aliyefundisha historia miaka thelathini, alichagua kuta kuukuu za Roma. Binti yake Osmunda akachagua Venisi, mji uliojengwa majini. Mwanawe Oswini, ambaye mpira kwake ni sala ya pili, akataka Milano, aingie uwanjani walau mara moja.

“Na wewe, Mama Osmunda?”

Gaudensia, mkewe, alikuwa bado ameshika upawa. “Mimi popote,” alisema.

Melkiori akaandika hivyo hivyo, na siku iliyobaki akamwongezea Oswini.

Sasa nisikilizeni. Popote ile haikuwa kweli. Kwao Gaudensia, mwanamke aliyeshika upawa hujipakulia mwisho, tena hachagui nyama, naye alikuwa ameuchukua mwiko huo hadi nje ya jiko. Lakini Italia alikuwa na mtu wake. Mama yake alipofariki, yeye akiwa na miaka tisa, alilelewa misheni na Sista Pierina, mtawa wa Kiitaliano aliyejifunza Kihehe kwa kukaa jikoni na wanawake. Uzeeni Sista alirudi kwao, mji mdogo nje ya Torino. Kila Krismasi aliandika barua. Ya mwaka ule iliandikwa na mtu mwingine: Sista ana miaka tisini na tatu, na kumbukumbu zinamtoka.

Gaudensia alijua kwamba asipomwona safari hii hatamwona tena. Alijua, na bado alinyamaza. Kila siku alijiambia atasema kesho, na kesho ilimkuta akiosha vyombo.

Siku moja kabla ya kuondoka, Oswini alikuwa akipima mabegi. Chini ya nguo za mama yake akakuta mfuko wa uyoga mkavu.

“Mama, huu wa nini? Wenzetu kule wana chakula chao.”

“Wa Sista Pierina, yule aliyenilea. Alikuwa akiupenda sana.”

“Tutamkuta wapi?”

“Hatutamkuta, baba. Mji wake haumo kwenye daftari.” Akaendelea kukunja shuka. “Nimeuweka tu.”

Oswini aliutazama ule mfuko, kisha akaupeleka kwa baba yake na kumweleza. Melkiori aliona aibu, wala hakuificha.

“Miaka ishirini na saba nakula mkononi mwake,” alisema, “na sijawahi kumuuliza jambo mara mbili.”

Oswini akachukua kalamu, akaifuta Milano daftarini bila kuambiwa. “Uwanja utanisubiri,” alisema.

Siku ya tano walifika kwenye nyumba ya masista wazee. Sista Pierina aliwapokea kwa adabu, kama anavyopokewa mgeni yeyote. Hakumtambua Gaudensia, hata alipotajiwa jina. Gaudensia alipiga magoti, akaufungua mfuko, akauweka mapajani mwa yule bibi.

Sista alinusa. Akanusa tena, amefumba macho. Kisha akamwamkia kwa Kihehe, “Kamwene, Gauda. Mbona umechelewa hivyo kurudi kuchuma uyoga? Nilidhani umepotea porini.”

Gaudensia aliuficha uso mapajani mwa Sista akalia kwa sauti, yeye ambaye watoto wake hawakuwahi kumwona akilia. Mlangoni, Melkiori alivua kofia, akawaambia wanawe polepole yale maneno ambayo leo mmeyacheka.

Asemaye popote ana pake.