Magoti ya Mzee Ngiri

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni kwa nguvu, leo nina hasira. Paukwa!

Pakawa!

Hapo zamani za kale, wanyama wa bondeni walikuwa na desturi. Siku ya mavuno kila nyumba ilitoa kikapu cha mtama. Wakauchanganya na majivu usiliwe na wadudu, wakaufungia kwenye kihenge. Mwaka wa njaa watakula humo, na mbegu watatoa humo.

Nani alikabidhiwa kihenge? Mzee Ngiri! Kwa nini? Kila walipopita walimkuta mlangoni pake amepiga magoti, kichwa chini, midomo inamcheza.

"Mcha Mungu yule," alisema Bi Buku, panya mwenye watoto sita. Na wote wakakubali. Wajinga!

Njaa ikaja. Jua kali, kali, kali. Bi Buku akazika mtoto mmoja, akaenda kihengeni.

"Shikamoo, Mzee. Tufungulie."

"Marahaba, mwanangu. Subiri. Mungu atatoa."

Akazika wa pili. Akarudi.

"Mzee, tufungulie!"

"Huna imani, mwanangu? Mungu atatoa."

Bi Buku hakubisha hodi tena. Akachimba. Kwaru! Kwaru! Kwaru! Akatokea ndani ya kihenge. Kitupu! Majivu tu. Na chini ya mlango pana tundu, na tunduni mdomo wa Ngiri, unalamba punje za mwisho. Nya, nya, nya. Jamani, ngiri hupiga magoti anapokula! Ndivyo alivyoumbwa. Wote walijua, na hakuna aliyefikiri.

Bi Buku akapiga yowe. Kanga akaja mbio, Digidigi akaja mbio.

"Tulieni, wanangu," alisema Ngiri. "Mungu ata..."

"Nyamaza!" Bi Buku alimkatiza. "Mungu alishatoa! Alitoa mvua, alitoa mtama, akatupa na akili ya kuweka akiba. Aliyekula ni wewe! Wanangu wawili umewala wewe!"

Wakamvamia. Ngiri akatimka, mkia juu, hakuonekana tena.

Jioni ile mvua ikanyesha. Pwaaa! Mvua nzuri, mvua ya kupandia. Bi Buku akasimama shambani na jembe lake, watoto wanne nyuma yake. Mkononi hana hata mbegu moja.

Basi, wakubwa kwa wadogo, Mungu hutoa. Kulinda alichotoa ni kazi yetu. Na anayekwambia usubiri, mtazame kwanza tumbo lake.

Hadithi yangu naifunga hapo. Nendeni mkaangalie vihenge vyenu.